Kufuata Bomba na Kusi: Siku Saba za Kupima Methani, Ubungo hadi Msimbati

Kazi ni kutafuta gesi inayovuja kando ya mabomba kwa kupima methani hewani, gesi ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia. Julai ni mwezi mzuri kwa kazi hii. Masika yamekwisha, na kusi inaleta hewa ya Bahari ya Hindi kutoka kizio cha kusini, hewa iliyosafiri siku nyingi bila kupita juu ya mji wala zizi. Wastani wa methani katika hewa ya dunia sasa umepita sehemu 1,900 kwa bilioni (ppb). Kizio cha kusini kiko chini ya wastani huo, cha kaskazini kiko juu yake. Kwa hiyo kaskazi ikishika mnamo Desemba, kiwango cha msingi cha Dar es Salaam hupanda hata kama hakuna valvu moja iliyolegea. Anayelinganisha vipimo vya Januari na vya Julai bila kuondoa tofauti hiyo atalilaumu bomba bure.

Njia ni Barabara ya Kilwa hadi Mtwara, kisha vumbi hadi Msimbati. Bomba la zamani linatoka kisiwa cha Songo Songo, linapanda nchi kavu Somanga na kufika Ubungo. Gesi yake ilianza kutumika 2004. La pili, la inchi 36, linaanzia Madimba, Mtwara, na kupokea gesi nyingine ya Songo Songo palepale Somanga. Kandokando ya mabomba hayo kuna madampo, mabwawa ya majitaka, minada ya ng'ombe, matanuri ya mkaa, mpunga na mikoko. Vyote vinatoa methani, na kipimo hakikuambii imetoka kwa nani.

Siku ya 1. Ubungo, karakana

Kilomita leo ni sifuri. Gari ni Land Cruiser ya dizeli, na udizeli wake una maana: gari linalotumia gesi lingejipima lenyewe.

Ndani ya gari kuna vipimo vitatu vya leza: kimoja cha methani, kaboni dioksidi na mvuke; cha pili cha ethani; cha tatu cha kaboni monoksidi. Ukijumlisha pampu na kompyuta, matumizi ni kama wati 130. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na Ah 100, ukiitumia asilimia 80 tu, inakupa saa karibu nane. Usiviunganishe moja kwa moja na umeme wa gari. Ukipiga stata, volti zinashuka, leza inazimika, na kuipasha moto upya kunakula nusu saa ya asubuhi.

Mrija wa kuvuta hewa una urefu wa mita 4 na kipenyo cha ndani cha milimita 4, yaani ndani yake mnakaa mililita 50 za hewa. Pampu ya kipimo ikivuta mililita 250 kwa dakika, hewa inachukua sekunde 12 kufika kwenye leza. Gari likienda kilomita 36 kwa saa, sekunde hizo ni mita 120. Methani ya mtaro wa majitaka itachorwa kwenye ramani mbele ya kituo cha gesi. Dawa ni pampu ya pembeni inayovuta lita 3 kwa dakika, ucheleweshaji ushuke hadi sekunde moja. Hakikisha kwa pumzi: mtu mmoja anapuliza mdomoni mwa mrija, mwingine anahesabu hadi kaboni dioksidi iruke. Pumzi ina kama asilimia 4 ya gesi hiyo, huwezi kuikosa. Rudia kila asubuhi, maana chujio likijaa vumbi mtiririko unapungua na sekunde zinaongezeka.

Mdomo wa mrija unakaa mbele, juu ya boneti, chujio la mikroni 2 likiwa ndani ya kikombe kilichofudikizwa ili mvua isiingie. Kiyoyozi ndicho kinachoharibu kazi nyingi za pwani. Hewa ya nje ina joto na unyevu, inaingia kwenye gari baridi, na mvuke unageuka matone ndani ya mrija. Tone moja likifika kwenye vioo vya leza, safari imekwisha. Funga mrija kwa sponji ya mabomba ya friji na uache madirisha wazi. Wasafiri watatoka jasho, lakini mrija utabaki mkavu. Mvuke wenyewe pia unapunguza namba: hewa yenye asilimia 2 ya mvuke inaficha karibu ppb 38 za methani. Namba inayoandikwa iwe ya hewa kavu siku zote.

Mitungi mitatu ya hewa inayojulikana kiwango chake inafungwa nyuma kwa mikanda: mmoja chini kidogo ya msingi, mmoja wa ppb 2,100 hivi, mmoja wa karibu 10,000. Wa katikati ndio shahidi. Hautumiki kurekebisha kipimo, unapimwa tu asubuhi na jioni ili kuona kama kimehama.

Mwisho wa siku ni saa. Kompyuta inaandika saa ya dunia, simu ya dereva inasema 08:00, na daftari la anayeandika kwa mkono linasema saa 2 asubuhi. Ni wakati uleule mmoja: 05:00, 08:00, saa 2. Chagua moja, iandike juu ya kila ukurasa. Sampuli iliyoandikwa "saa 5" bila neno jingine haina thamani tena, kwa sababu inaweza kuwa ya nyakati tatu tofauti, na kila wakati una upepo wake.

Siku ya 2. Gesi ya bomba, kisha Pugu

Kabla ya kutafuta gesi ya bomba hewani, ipime ikiwa bombani, kwenye lile la zamani lenye gesi ya Songo Songo pekee. Kibali kinaombwa wiki kadhaa kabla, na anayefungua valvu ni fundi wa mwenye bomba. Mtungi mdogo wa chuma cha pua wenye valvu mbili unapitishwa gesi mara tatu nne ili hewa yote itoke, kisha unafungwa. Kwenye leza gesi hiyo haiingii hivyohivyo. Mililita moja katika lita 20 za hewa isiyo na methani inatoa kama ppb 48,500, na hapo kipimo kinaweza kusoma.

Gesi ya pwani yetu ni kavu: karibu asilimia 97 ni methani, na ethani ni kama asilimia moja tu. Kwenye mabomba mengi ya Marekani na Ulaya ethani hufika asilimia kadhaa, na vitabu vya kazi hii viliandikwa kwa gesi ya huko. Kanuni yenyewe ni sahihi. Bakteria wa dampo na wa tumbo la ng'ombe hawatengenezi ethani ya kuhesabika, kwa hiyo methani na ethani zikipanda pamoja, shuku gesi ya ardhini. Ila kwetu methani ikipanda ppb 500, ethani inapanda ppb 5. Ikipanda 100, ethani ni ppb moja, sawasawa na mtetemo wa kipimo chenyewe. Mlima mdogo wa methani usio na ethani, basi, haujathibitisha kwamba ni wa bakteria. Umethibitisha kwamba ni mdogo.

Dampo la Pugu Kinyamwezi linapimwa mapema ili ujue sura ya methani isiyo ya bomba. Gari linapita upande upepo unakoelekea, mara nne au tano kwa njia ileile, kasi ya kilomita 20. Ratiba bora ni saa 3 hadi saa 6 mchana. Alfajiri hewa imelala, methani ya usiku kucha imetuama mabondeni na namba ni kubwa kila mahali. Inavutia machoni lakini haina mwelekeo. Alasiri upepo wa bahari unapoingia kwa nguvu, kila kitu kinachanganyika na vilele vinafifia.

Dampo likifuka moshi, ethani nayo inapanda. Hapo ndipo kipimo cha tatu kinapojilipia: kaboni monoksidi ikipanda pamoja nazo, ni moto. Bila hiyo, taka zinazoungua zitahesabiwa kuwa bomba.

Mnada wa ng'ombe wa Pugu unapitwa siku hiyohiyo, na una mtego wake. Kwa kaboni-13 (aina nzito ya kaboni, inayohesabiwa kama pungufu au ziada kwa elfu dhidi ya kiwango cha kulinganishia), methani ya bakteria kwa kawaida huwa kwenye −55 hadi −70 kwa elfu (‰), na ya gesi ya ardhini iliyopikwa na joto huwa kati ya −50 na −35. Ng'ombe wa Ulaya anakula majani ya aina ya C3, yenye kaboni-13 kidogo, hivyo methani yake iko mbali kabisa na gesi. Ng'ombe wa huku amekula nyasi za tropiki na mabua ya mahindi, mimea ya C4 yenye kaboni-13 nyingi zaidi, na methani yake inasogea hadi karibu −50. Ongeza moshi wa nyasi, ambao uko juu zaidi, karibu −15 hadi −20, na mchanganyiko wa zizi na moto unatua palepale gesi ilipo. Kwenye pwani hii kaboni-13 peke yake haitoshi, na ethani peke yake haitoshi. Zikikubaliana, na upepo ukakubali, unaweza kuandika neno "bomba".

Na upepo wenyewe: Kinyerezi, penye mitambo ya umeme wa gesi, iko kaskazini ya Pugu. Kusi inapuliza kutoka Pugu kwenda huko. Usipime Kinyerezi kabla ya kujua Pugu imetuma nini.

Siku ya 3. Mjini: Kinyerezi, Ubungo, vituo vya gesi

Matuta na foleni, kilomita chache. Kiwango cha msingi kinachukuliwa kuwa thamani ya chini, asilimia 5 ya mwisho, ya kila dakika tano zinazosogea. Kinachopanda asilimia 10 juu ya hapo kinawekewa alama, na alama haiwi chanzo mpaka ionekane mara mbili kwa siku tofauti. Alama ya mara moja mjini kwa kawaida ni bajaji.

Bajaji na magari ya gesi yanapitisha methani kidogo isiyoungua, yenye ethani ileile ya bomba. Tofauti iko kwenye kaboni dioksidi: moshi wa eksozi unakuja na mlima wa kaboni dioksidi, uvujaji baridi hauna. Ukikwama nyuma ya bajaji, acha nafasi ya mita 30 au simama ipite.

Kwenye kituo cha kujazia gesi, angalia saa na si mahali tu. Kompresa inasukuma gesi hadi zaidi ya baa 200, na ikipumua, methani inapanda dakika moja kisha inapotea. Valvu na maungio yanayovuja hayapumui, yanatoa muda wote. Simama upande upepo unakoelekea dakika 20, injini ikiwa imezimwa, uone ni ipi kati ya hizo mbili. Kupata tundu lenyewe ni kazi ya fundi wa kituo mwenye povu la sabuni.

Upepo usomwe gari likiwa limesimama. Kwa kilomita 36 kwa saa gari linajitengenezea upepo wa mita 10 kwa sekunde, na wa kweli huenda ni mita 3. Dira ikikosea nyuzi 5 tu, unaongeza upepo wa uongo wa karibu mita 0.9 kwa sekunde kutoka ubavuni. Mishale mizuri kwenye ramani, yote imepinda.

Siku ya 4. Mbagala, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Somanga

Kuondoka saa 12 asubuhi kukwepa malori ya Mbagala. Baada ya Kongowe mji unaachia na mikorosho inaanza. Barabara na bomba havishikani mkono njia nzima, hivyo sehemu kubwa ya siku hii unapima kila kitu isipokuwa bomba. Si hasara: hiki ndicho kiwango cha msingi cha nchi kavu, na bila hicho huna cha kuondoa kwenye namba za vilele.

Matanuri ya mkaa yanaonekana kwenye kompyuta kabla ya macho: methani, ethani na kaboni monoksidi zinapanda pamoja. Tanuri linafuka kwa kunyimwa hewa, ndiyo maana linatoa methani nyingi kuliko moto wa wazi.

Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, kisha mpunga na maji yaliyotuama. Methani inapanda polepole kwa kilomita kadhaa na kushuka vivyo hivyo. Mlima mpana, mteremko wa pole: hiyo ni ardhi yenye maji. Chanzo cha chuma, yaani bomba au valvu, kina ncha kali, sekunde chache, na kinakukuta umbali wa mita mia au chini. Umbo la kilele ni ushahidi wa bure, na watu wengi hulifuta wanapolainisha data.

Satelaiti hazisaidii sana hapa. TROPOMI, iliyorushwa 2017, inaona vipande vya kilomita 5.5 kwa 7, na pwani ina mawingu ya mara kwa mara upande mmoja na maji meusi upande mwingine. Mwanga unaorudi hautoshi.

Jioni Somanga: badilisha chujio (jeupe asubuhi, jekundu sasa), pima mtungi shahidi, chaji betri.

Siku ya 5. Baharini, Songo Songo

Kusi inapuliza kutoka kusini-mashariki, hivyo mkia wa gesi ya kisiwani, kama upo, unaelekea Somanga, kilomita zaidi ya 25. Kwa umbali huo utakuwa umetawanyika mno. Kwa hiyo ni boti, na kupita kilomita moja hadi tatu kaskazini-magharibi ya kisiwa, kukatiza upepo. Upande wa kusini-mashariki unapitwa kwanza, kwa ajili ya hewa safi.

Mdomo wa mrija unapandishwa kwenye mlingoti, mita 3 au zaidi, na chini yake chupa ya kunasa maji. Chumvi ndiyo inayoua: chujio linabadilishwa kila saa mbili, na yakiingia mawimbi, pampu inazimwa kwanza, maswali baadaye. Vipimo vinakaa ndani ya sanduku la plastiki lenye feni. Upepo ukija kutoka tezi, nyuma ya boti, moshi wa injini unafika kwenye mrija. Utaujua kwa kaboni monoksidi.

Tazama maji pia. Bamvuani, maji yakikupwa, tope la mikoko linabaki wazi na linatoa methani yake. Pita mara mbili, maji yakijaa na yakikupwa. Kilele kinachobadilika na maji si cha mtambo.

Kukadiria kiasi, kwa namba za mfano tu: ukanda wenye upana wa mita 500 na ziada ya wastani ya ppb 100, upepo wa mita 7 kwa sekunde, na kimo cha ukanda huo, cha kubahatisha, mita 50. Methani ina kama kilo 0.65 kwa mita ya ujazo, hivyo ziada ni kilo 0.000000065 kwa kila mita ya ujazo. Zidisha kwa 500, 50 na 7, unapata kilo 0.0114 kwa sekunde, kama kilo 41 kwa saa. Udhaifu uko kwenye hiyo 50. Boti haioni juu, na kimo kikiwa 100 jibu linakuwa maradufu. Andika "kati ya 20 na 80" na usione haya.

Siku ya 6. Kilwa, Lindi, Mtwara

Lami, mwendo, hewa ya msingi. Siku ya kupanga mifuko.

Mifuko ya sampuli, inayokwenda maabara kupimwa kaboni-13, ni ya tabaka za alumini, lita 3, si ya plastiki ya kawaida inayopitisha gesi. Suuza mara tatu kwa hewa ileile unayotaka, jaza robo tatu tu, kwa sababu itapanda ndege na mfuko uliojaa pomoni utapasuka. Kila kilele kina mifuko miwili ya ndani yake na mmoja wa upande upepo unakotoka.

Usipoteze mifuko kwa vilele vidogo. Msingi ukiwa ppb 1,880 kwenye −47.3 ‰, na kilele kikiongeza 3,000, gesi ya −40 italeta mchanganyiko wa −42.8, na dampo la −55 litaleta −52.0. Kutofautisha ni rahisi. Kilele kikiongeza 200 tu, majibu ni −46.6 na −48.0. Maabara nzuri itaona tofauti hiyo. Leza ya kaboni-13 ya kubebwa garini, hata ungekuwa nayo, huyumba kama 1 ‰ kwa kila kipimo na isingeiona.

Siku ya 7. Madimba na Msimbati

Barabara ya vumbi, mtikisiko. Shinikizo ndani ya kipimo likicheza, punguza mwendo hadi kilomita 15. Data ya dakika hizo inawekewa alama, haifutwi.

Hapa inachukuliwa sampuli ya pili ya gesi, safari hii ya Mnazi Bay (kitalu cha gesi cha hapa Msimbati) pekee, kwa utaratibu uleule wa mtungi wa chuma. Bila hii, kazi ya Dar es Salaam ina pengo: bomba la inchi 36 linabeba mchanganyiko wa Mnazi Bay na Songo Songo, na uwiano wake unabadilika kwa siku. Ukiwa na ncha zote mbili, Songo Songo na Mnazi Bay, kilele cha Kinyerezi kinatakiwa kiangukie kati yake. Kikianguka nje, kuna kitu cha tatu ndani yake, na cha kwanza kushukiwa ni Pugu.

Kurudi ni kwa njia ileile, vipimo vikiwa vimewashwa, ili kila alama ipate nafasi yake ya pili. Ubungo, kabla ya kuzima, mtungi shahidi unapimwa dakika 20. Ukitofautiana na wa siku ya kwanza kwa ppb 2 au chini, data inakwenda. Ukitofautiana zaidi, anza kufuatilia kila jioni nyuma, mpaka upate siku kipimo kilipohama, na mara nyingi utakuta ni ile ya boti.